Mwambie Mamako Auweke Ungo Chini

Jomvu Kuu,
Mombasa.
14 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Hanan,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Najua huko uliko ushanipa shikamoo yangu kabla hujafungua bahasha, na mimi nakuitikia marahaba, mwanangu, marahaba sana. Hujambo? Na huyo aliye tumboni hajambo, atulia au apiga mateke? Mume wako Aqil aendeleaje na kazi? Joto la Maskati twalisikia hadi huku. Mimi sijafika, lakini joto silihofu. Niliwahi kupakua kontena pale bandarini saa saba ya mchana, wenzangu wakazirai, mimi nikaitisha chai ya moto nikainywa humo humo ndani. Waulize wazee wa Changamwe, hadi leo wasimulia.

Mimi ni mzima. Presha sina, sukari sina, na meno yangu yote yako isipokuwa yale niliyoyatoa kwa hiari. Huku Jomvu upepo ni mwingi mwezi huu, nguo zakauka kabla hujamaliza kuanika.

Umeona nimejitaja mimi peke yangu. Mamako nimemwacha makusudi, kwa sababu habari yake si ya kuingia nayo mlangoni. Keti kwanza, mwanangu, egemea mto, ndipo usome. Nilisita sana kumwandikia mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Lakini nikinyamaza mpaka ujifungue, nahofu nitakuwa nimenyamaza mno.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi zama hizi za simu. Simu ya nyumba hii ni moja, yangu, na kila jioni ni mamako aishikaye akikupigia. Nikikutumia ujumbe atausoma, nikikutumia sauti ataisikia. Ndiyo nikangojea Mwanarehema, shangazi yake Aqil, apate safari yake ya huko, nikamtilia barua hii mkobani.

Mamako ni mgonjwa, Hanan. Ni mgonjwa wa kifua. Unapompigia simu akakwambia, "Ngoja mwanangu nikazime jiko," hakuna jiko. Atoka uani, ashika ukuta, akohoa mpaka machozi yamtoka, kisha ajifuta kwa leso na kurudi kukuuliza umekula nini.

Wewe umeambiwa apikia wafanyakazi kwenye uwanja wa Bonface. Kweli alianza kwa kupika. Bonface mwenyewe hukumwahi, ni kijana wa bara, mwungwana, ana uwanja wa kusaga plastiki kule juu karibu na barabara kuu. Chupa, ndoo zilizopasuka, viti, madumu, vyote vyaingia kwenye mashine vikatoka vipande vya rangi rangi kama kokoto ndogo, vyatiwa magunia na kuuzwa viwandani vikayeyushwe upya. Sasa mashine haitoi vipande vitupu. Yatoa na vumbi, na makaratasi ya lebo, na mchanga. Mnunuzi hataki vumbi. Vijana wa Bonface walikuwa wakichekecha kwa wavu wa dirisha, nusu yamwagika chini.

Mamako akawatazama hivyo kwa siku kadhaa, hasira zikimpanda, kisha asubuhi moja akaenda na ungo wake. Wamjua mamako na ungo. Harusi gani hapa Jomvu mpaka Mikindani ilipikwa pilau, mchele haukupita mikononi mwake? Mimi nimemwona kwa macho yangu akipepeta gunia zima bila punje moja kuanguka, na kuku waliokuwa wakingojea chini wakaondoka kwa hasira. Basi akaipepeta plastiki kama mchele. Akairusha, akaipokea, akapuliza kwa mdomo pale pembeni, fuu, vumbi likaruka na makaratasi yake, vipande vikabaki safi vikimeta. Bonface akapiga makofi.

Tangu hapo hakupika tena. Alipewa kivuli cha turubai na wanawake wengine wa kuwafundisha, na wote humwita Mwalimu. Mwanamke aliyefiwa na mume, aliyemwoza mtoto wake wa pekee ng'ambo, leo ana watu wa kumwita Mwalimu. Nakwambia hili ili ujue ni kitu gani tunachomtaka akiache. Si kibarua tu.

Na ungo ni huo huo mmoja. Mchana wapepeta plastiki, jioni wapepeta mchele wetu. Mimi nimekula pilau yenye vipande vya buluu nikadhani ni kiungo kipya.

Mwezi uliopita alianguka. Wala si kuanguka kwa kishindo. Aliketi taratibu, ungo mapajani, akafungua mdomo na hewa isiingie. Midomo ikageuka rangi ya zambarau. Absalom wa tuktuk ndiye aliyetukimbiza hospitali. Watu watakwambia Absalom aendesha kasi, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikishuka kwenye foleni na kuyazuia matrela kwa kifua. Moja lilisimama likatetemeka lote, dereva akaomba radhi.

Hospitali wakamtia hewa ya mtungi na kumpiga picha ya kifua. Daktari ni binti mdogo aitwaye Emmaculate, naye pia wa bara, sauti yake ya chini. Aliniita mimi kando, mwanamume wa nyumba, akaiweka ile picha kwenye mwanga. Hanan, mimi nimeona mengi. Nimewahi kumwona papa akipiga chafya. Lakini sijaona kitu kama kifua cha mamako. Daktari aliniambia kwenye picha hewa huonekana nyeusi, kwa hivyo mapafu yafaa kuwa meusi. Ya mamako yana weupe, kama utando wa buibui uliofumwa kutoka chini ukapanda mpaka katikati.

Akaniuliza kazi yake. Nikamwambia. Akaniuliza avaa nini mdomoni akiwa kazini. Nikamwambia avaa midomo yake. Hakucheka.

Sasa nakueleza kama alivyonieleza. Nilimfanya arudie mpaka nikaelewa, na mimi si mgumu wa kuelewa, nilipokuwa darasa la sita wa darasa la nane walikuwa wakija kuniuliza hesabu.

Alisema vumbi tulionalo si baya kama lile tusiloliona. Lile kubwa hunasa puani, tukalipenga. Lile dogo, dogo kuliko unga wa ngano, huteremka mpaka chini kabisa ya pafu, kwenye vijifuko vya hewa. Huko mwili umeweka askari wake, chembe za kinga, kazi yao ni kumeza kila kigeni na kukisaga. Kijidudu kikiingia chamezwa, chasagwa, kwisha habari yake. Vumbi la plastiki nalo lamezwa vilevile, ila halisagiki. Askari ajaribu, ashindwa, afa na punje yake mdomoni. Akifa, ile punje yatoka nzima kama ilivyoingia, na mwingine aja kuimeza. Kila anayekufa aita wenzake, waja wengi, waja na joto na uvimbe, na vita hivyo haviishi kwa sababu adui mwenyewe hana uhai wa kutolewa. Kinachoungua ni pafu. Palipoungua pafanya kovu, na kovu halivuti pumzi.

Nikamwambia, daktari, hata mashine ya Bonface, ya chuma, yaimeza plastiki ikaitapika vipande, sembuse chembe za nyama? Akasema, "Ni hivyo hivyo, mzee."

Nikamuuliza, je, hao askari baada ya kuchoka hivyo watabaki na nguvu za kupigana na maradhi mengine? Akasema hilo ndilo lamtia wasiwasi. Kifua kilichochoshwa namna ile, mafua madogo yaweza kukilaza kitandani. Tena huenda kinga yenyewe ikachanganyikiwa ikaanza kuupiga mwili wake. Alisema huenda, hakusema hakika. Nilipombana akaniambia, "Mzee, hatujui yote bado. Tunajua mapafu haya yamepata makovu, na tunajua mama alikuwa anavuta nini." Nilimheshimu kwa hilo. Mimi mtu akiniuliza nisilolijua, huwa najibu.

Kisha akaniambia kuwa lile dogo kabisa huenda halikai pafuni tu. Wataalamu wameshaliona damuni, na hata kwenye kondo la nyuma la wanawake ambao hawajakanyaga uwanja wa plastiki maishani. Sikuandikii hili ili uogope, mwanangu, maana hata wao hawajajua lamfanya nini mtoto. Nimeliandika kwa kuwa limenikaa. Nilitoka pale nikaketi kwenye benchi, nikawatazama watu wakipita na chupa zao za maji mikononi, na jirani wa benchi akanisalimu mara mbili kabla sijamsikia.

Mamako alipewa dawa za kutuliza uvimbe. Kovu haliondoki, alisema daktari, pafu lililobaki zima ndilo la kutunzwa. Na sharti lake ni asirudi kwenye vumbi lile tena, hata kwa saa moja. Akitulia na kutumia dawa, huenda ikifika siku yako ya kujifungua kifua kikamruhusu kupanda ndege. Akirudi uwanjani, ndege asahau, maana kule juu hewa ni nyembamba, na mapafu yake hayana akiba.

Mamako yeye akaambiwa apumzike, akaelewa mapumziko kama ya Idi. Zikapita siku chache, akajifunga leso mdomoni, akaenda kazini. Na hiyo leso aishusha kila akitaka kupuliza.

Nilimkalisha nikamweleza yote, pale uani, akichambua mchicha. Hanan, mimi nimesimulia watu habari mpaka chakula kikapoa mbele yao. Siku hiyo nilisema kweli tupu. Nilipofika kwa askari wafao na punje mdomoni, nikaona mabega yake yaanza kutikisika.

"Askari!" akasema. "Wewe Mwinyihaji! Mwaka juzi ulikuwa na chatu aliyemeza pikipiki. Leo ni askari amezaye ndoo!"

"Wallahi, Mwanasiti, ni daktari aliyesema."

"Na chatu ulisema ni chifu aliyekwambia."

"Chifu ni kweli aliniambia!"

Hapo ndipo alipocheka hasa, na kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Ilichukua muda. Mgongo wake, Hanan, nilizihesabu mbavu kwa viganja. Alipopata pumzi alisema, "Huishi vituko, kaka," akarudi kwenye mchicha wake.

Asubuhi yake nikamfuata uwanjani. Nikamkuta chini ya turubai, wenzake wamemzunguka, vumbi limewakalia kwenye nyusi kama waoka mikate. Nikamwita Bonface mbele ya watu wote, nikamwamuru amfukuze kazi dada yangu.

"Mzee, si ni yeye amekataa kukaa nyumbani," Bonface akasema, mikono juu. "Hata barakoa nimemnunulia, ile nzuri. Ameitundika kwa msumari, ona ile pale."

"Haipuliziki," akasema mamako, hata hakuinua uso. "Nikiivaa nitapulizaje?"

"Ndiyo maana yake usipulize!"

"Na nani apulize? Wewe? Wewe wapuliza maneno tu."

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akapiga makofi. Nikaushika ungo. Naye akaushika upande wa pili. Tukavutana, watu wazima sisi, plastiki yamwagika miguuni, na mimi niliyewahi kuivuta kamba ya meli ya mizigo peke yangu mpaka ikagusa gati, mamako na kifua chake kile akanishinda. Sema nilimwachia. Aliketi tena, akangojea hewa imrudie, na iliporudi ilikuwa ndogo, akaninong'oneza ili wenzake wasisikie:

"Niache nimalize, kaka. Kwa wakwe wa Hanan siendi mikono mitupu."

Basi jambo lenyewe ndilo hilo, mpwa wangu. Alikuahidi atakuja akulee arubaini yako, akukande kwa maji ya moto, amwogeshe mtoto yeye mwenyewe. Tikiti Aqil amesema ni juu yake, hiyo haimsumbui. Kinachomnyima usingizi ni siku ile begi litafunguliwa mbele ya mamamkwe wako. Chini ya kitanda chake pana sanduku. Mna leso mpya, mna udi, mna mafuta ya nazi aliyoyapika kwa mkono wake, mna vijikanzu vya mtoto ameshona mpaka vya mwaka wa pili. Kila nikidhani limejaa, akumbuka kilichopungua, arudi kupepeta. Na amenikataza nisikwambie hata neno, maana ukijua utamwambia asisafiri.

Nimempeleka kwa shehe akamnasihi, akamwitikia vizuri sana, akatoka akaenda kazini. Wanawake wenzake nimewaambia wamsute. Nao wakohoa, wawili kati yao, ila wasema ni upepo wa mwezi huu.

Sitakuficha kwamba nilitaka kukuomba umdanganye. Nilikuwa nimeshaitunga. Pale uwanja wa ndege wa Maskati pana mashine yapima nywele za wageni, na mwenye vumbi la plastiki arudishwa kwao na ndege ile ile. Niliitunga vizuri, hata jina la mashine nilikuwa nalo. Kisha nikafikiri, siku akigundua, ataacha kukuamini na wewe, na wewe ndiye pekee aliyebaki anayemwamini.

Kwa hivyo mwambie kweli. Mwambie unajua ya kifua, unajua ya ungo, unajua hakuna jiko. Mwambie unamtaka yeye, hulitaki sanduku, na hata akija na leso aliyovaa tu, utampokea. Mwambie ikiwa atakanyaga uwanja ule siku moja zaidi, hutamtumia tikiti, utajifungua mikononi mwa wageni. Litamuuma. Liache limuume, mwanangu. Mamamkwe wako naye azungumze naye, amwambie mambo ya mikono mitupu ayatupe, maana neno la mkwe atalibeba zaidi kuliko langu.

Siwezi kukuahidi kuwa ukisema atapona. Daktari hakuahidi, na mimi katika hili siongezi. Kutoka kisimani mpaka jikoni ni hapa na hapo, lakini siku hizi asimama katikati, ndoo mkononi, ajidai atazama kuku. Alfajiri nikiamka kuswali nausikiliza ukuta wa chumba chake mpaka nisikie amekohoa. Zamani kikohozi kile kilikuwa kikiniudhi. Sasa nisipokisikia nagonga mlango.

Nisalimie Aqil, mwambie namwamini. Nisalimie mamamkwe wako kwa heshima zote, na Mwanarehema ukimwona mshukuru kwa kubeba. Absalom akusalimu, na Bonface pia akusalimu ingawa hamjuani, aona haya na hajui la kufanya. Mwenyezi Mungu akufungulie kwa wepesi, akupe mtoto mwenye pumzi ndefu, na atukutanishe sote tungali twaweza kuitana majina. Amin.

Neno moja limebaki, nalo ndilo kubwa. Utakapompigia, mwambie umeyasikia kwa Mwanarehema, au kwa daktari wa huko, au kwa mtu yeyote umpendaye. Mimi usinitaje. Akijua yametoka kwangu atacheka, na siku hizi hawezi kucheka.

Mjomba wako anayekupenda na kukungojea,

Mwinyihaji